Nahodha, Umeandika Majina?

Ndugu zangu wa Kilwa Kivinje, nanyi wa Masoko, Songosongo, Lindi, Sudi na Mafia, leo nina neno nanyi juu ya watu waliofia majini. Mtu akifa nchi kavu ana kaburi. Hata lisipojengewa, jamaa zake wanajua yuko chini ya mti gani, na Idi ikifika huenda wakapalilia na kumsomea Yasini. Aliyezama hana pa kupaliliwa. Kilichobaki kwake duniani ni jina, na jina lisipoandikwa hufa siku anapokufa mtu wa mwisho aliyelikumbuka. Kwa hiyo nasema, na nitalisema mpaka nisikilizwe: haifai nahodha kung'oa nanga kabla hajaandika majina ya waliomo chomboni mwake, na haifai mji wa mabaharia kama huu wetu kukaa bila daftari la watu wake waliomezwa na bahari, wa vitani na wa wakati wa amani.

Nitaanza na nahodha mmoja na meli yake, kwa kuwa kisa chao ni cha bahari yetu, na waliozama naye wengi walikuwa watu wa Afrika Mashariki.

Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, saa nane u nusu mchana, meli ya kubeba askari iliyoitwa Khedive Ismail ilikuwa inapita karibu na visiwa vya Maldivi, ikielekea Colombo. Nahodha wake alikuwa Kapteni Whiteman, Mwingereza, mtu wa meli za biashara. Naomba msomaji alishike hilo: hakuwa mwanajeshi. Wakati wa vita serikali ya Uingereza ilizichukua meli za abiria na za mizigo ikazitia kazi ya kuvusha majeshi, lakini manahodha na mabaharia wake walibaki kuwa raia, watu wa mkataba na mshahara wa mwezi. Tena katika miaka ya mwanzo ya vita, mpaka Mei 1941, ilikuwa kawaida mshahara ule ukatike siku ileile meli inapozama. Baharia aliyekuwa akielea juu ya ubao katikati ya bahari alihesabiwa kuwa kazi yake imekwisha. Na huyo ni baharia wa Kizungu. Wahindi waliokuwa wakitia makaa na kusugua sitaha katika meli hizohizo walilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa mwenzao, ingawa topido haikuchagua.

Meli yenyewe ilikwisha kula chumvi nyingi. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, ikafanya safari za Chile huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri, ndipo ikaitwa Khedive Ismail. Watu wa mwambao walilisikia jina hilo kabla meli haijaundwa, kwa kuwa Ismail huyo ndiye mtawala wa Misri aliyetuma merikebu zake kuziteka Barawa na Kismayu mwaka 1875, mpaka Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, akapeleka malalamiko kwa Waingereza na Wamisri wakaondoka. Vita vya Hitla vilipokuja, Waingereza waliichukua meli ile wakaipa usimamizi wake kampuni ya British India, ileile ambayo meli zake zilikuwa zikipita Mombasa, Unguja na Dar es Salaam tangu zama za mababu zetu.

Iliondoka Kilindini katika wiki ya kwanza ya Februari, pamoja na meli nyingine nne za askari. Msafara ulilindwa na manowari kubwa iliyoitwa Hawkins, na baadaye zikaongezeka manowari mbili nyepesi za kuwinda nyambizi, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari Waafrika pamoja na maofisa wao wa Kizungu, wakipelekwa Ceylon kujiunga na wenzao waliokuwa wakijiandaa kwenda Bama kupigana na Mjapani. Walikuwamo wauguzi zaidi ya hamsini, wanawake wa jeshi la majini, askari wa manowari waliokuwa safarini, na mabaharia wa meli yenyewe 178.

Kaskazi ilikuwa imeshika, ule upepo unaoyaleta majahazi kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi. Baada ya chakula cha mchana watu wengi walikusanyika ukumbini, chini ya sitaha, kusikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ilikuwa imeuvizia msafara. Topido zake mbili zikaipata Khedive Ismail, na meli ikazama kwa muda usiotimia dakika mbili. Dakika mbili hazitoshi kumwamsha mtu aliyelala akavaa viatu vyake. Hazitoshi kushusha mashua hata moja. Aliyekuwa chini alibaki chini, na wengi wa waliokuwa juu walitupwa baharini wasijue kilichotokea.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Walionusurika walikuwa wakielea kati ya mbao na mafuta, na Paladin ikashusha mashua zake kuwaokoa. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao hasa. Rupert Egan, aliyekuwa mkubwa wa Petard, alijikuta na uamuzi ambao simwombei mtu yeyote. Kuiacha ile nyambizi ni kuihatarisha roho ya kila aliyekuwa katika zile meli nne zilizobaki. Kuipiga ni kuwapiga watu wa upande wake waliokuwa wakipunga mikono majini. Akaipiga. Mabomu ya kulipukia kilindini yalitupwa, na baadhi ya waliookoka na topido za adui wakafa kwa mabomu ya wenzao. Baadaye nyambizi ikaibuka, Paladin ikaiendea kuigonga ikachanika ubavu, na Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine mpaka ya saba ndiyo iliyoivunja I-27 vipande viwili.

Mimi simhukumu Egan. Aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa hana haki ya kumhukumu mtu aliyebeba mzigo ule. Ila nasema hivi: walioachwa majini wakalipukiwa wanastahili zaidi ya kuitwa "hasara ya vita". Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyemnyonyesha, na jina alilopewa siku ya saba.

Kapteni Whiteman alizama na meli yake. Kwa jumla walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake sita.

Sasa tazama hesabu hiyo. Waliopona ukiwajumlisha na waliokufa unapata 1,511 kamili, hapungui mtu wala hazidi. Meli imezama kwa dakika mbili, katikati ya bahari, wakati wa vita, safari yenyewe ikiwa ya siri, na bado tunajua idadi yao. Tumejuaje? Kwa sababu majina yaliandikwa kabla ya nanga kung'olewa Kilindini, na orodha ikabaki nchi kavu. Aliyezama akazama, lakini karatasi yake haikuzama naye.

Kutokana na karatasi hizo, yaliyokuwa majina ya kambini yamekuwa majina ya ukumbusho. Askari wale wa mizinga wameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Mabaharia wa meli za biashara wa Uingereza wasio na kaburi ila bahari wameandikwa Tower Hill, London, karibu na mto Thames. Vita viwili vikijumlishwa, majina yaliyopo pale ni kama 36,000. Mabaharia Wahindi wa vita vya pili wamo katika vitabu vilivyowekwa Mumbai na Chittagong. Sisemi kwamba haki imetimia. Ukuta si mtu. Lakini mjukuu akitaka kumtafuta babu yake, pana mahali pa kuanzia.

Nikirudi kwetu, moyo wangu unasononeka. Kivinje ni bandari ya maji madogo. Bahari ikipwa, maji hukimbia mbali, ukabaki uwanda wa tope na vyombo vimelala ubavu karibu na mikoko. Hivi karibuni nilisimama pale wakati maji yanajaa, abiria wa Songosongo wanapakia. Kina mama walikunja kanga mpaka magotini, wakaingia majini na ndoo kichwani. Vijana walibeba viroba vya sembe, mabati yaliyokunjwa, kreti za soda, na mbuzi mmoja aliyegoma mpaka akabebwa mzobemzobe. Mtoto mdogo alipitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka akafika kwa mama yake aliyekwisha kaa. Nahodha, mtu wa makamo, alisimama shetri akitazama maji yamefika ubao gani. Nikamwita.

"Nahodha, umeandika majina ya watu?"

"Aa, shekhe, hawa wote nawajua. Yule mtoto wa dada yangu, yule mwalimu wa kisiwani, bibi huyu jirani yangu. Nani nisiyemjua hapa?"

Alisema kweli. Aliwajua wote, na uso wake ulionyesha kwamba angejitupa majini kwa ajili ya yeyote kati yao. Hatuna manahodha waovu Kivinje. Tuna manahodha wanaobeba orodha ya abiria kichwani mwao, na kichwa hicho wanasafiri nacho. Chombo kikipinduka, nahodha akizama pamoja na mtoto wa dada yake, mwalimu na jirani, huku pwani tutaanza kuulizana mlango kwa mlango: fulani alipanda? Nilimwona sokoni. Labda alighairi. Labda alipanda cha jana. Mama wa watu atakaa siku tatu hajui kama aweke matanga au aendelee kupika chakula cha mwanawe.

Wala nisiambiwe kwamba natisha watu kwa mambo yasiyotokea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu wapatao 600. Ilibeba zaidi, tena zaidi sana, na wengi hawakuwa katika orodha yoyote. Maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na kitu; waliopotea, tume ya serikali ilikuja kusema, walipita elfu moja. Mpaka leo watu wanabishana juu ya idadi ya waliokuwamo. Miaka 15 nyuma yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na hapo pia hesabu ya waliokufa haijawahi kupatiwa neno moja. Kwa hiyo wa mwaka 1944, waliopigwa topido vitani, tunawajua mpaka mtu wa mwisho. Wa mwaka 2011, waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya Idi, tunawakadiria. Mimi naona aibu kuliandika hilo, na kila mtu wa mwambao aione pamoja nami.

Watu wa nchi nyingine wamelitunza jina la nahodha kwa namna inayostahili kuigwa. Katika vita vya kwanza, ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani, alikuwako Mwingereza aitwaye Charles Fryatt, mzaliwa wa Southampton, mtoto wa baharia, baba wa watoto saba. Alikuwa nahodha wa meli za kampuni ya reli, akivuka kila mara kati ya Uingereza na Uholanzi na abiria, barua na vyakula. Machi 1915 nyambizi ya Kijerumani U-33 ilimwamuru asimamishe meli yake, Brussels. Kusimama maana yake ni kuzamishwa. Fryatt akageuza omo, akaielekeza moja kwa moja kwenye ile nyambizi, ikabidi ipige mbizi, naye akapita salama na watu wake wote. Serikali ikamtunukia saa, ikaandikwa kwa nakshi kile alichokifanya.

Saa hiyo ndiyo iliyomponza. Juni 1916 Wajerumani waliikamata Brussels wakaipeleka Ubelgiji. Tarehe 27 Julai wakamshitaki Bruges kwamba yeye, raia asiye askari, alijaribu kuizamisha nyambizi. Akahukumiwa, na jioni ya siku hiyohiyo akapigwa risasi. Alikuwa amefanya lile ambalo kila nahodha mwenye amana angelifanya, yaani kuwarudisha nyumbani watu aliokabidhiwa. Vita vilipokwisha, Waingereza hawakumwacha ugenini. Mwaka 1919 walimfukua, wakamvusha bahari, wakamsomea ibada katika kanisa la Mtakatifu Paulo London, kisha wakamzika Dovercourt, karibu na bandari aliyokuwa akitokea. Nahodha mmoja wa meli ya abiria, na taifa zima likasimama.

Sasa linganisha na yaliyopita hapa kwetu katika vita vilevile. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha Rufiji, jirani zetu wa kaskazini, mpaka ilipomalizwa Julai 1915. Nahodha wake, Max Looff, yumo katika kila kitabu cha vita vile. Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilijipenyeza mpaka Sudi, kusini ya Lindi, na shehena ya silaha na mahitaji ya jeshi. Nahodha wake naye anajulikana, Sørensen. Lakini mizigo ile ilitoka Sudi ikaenda bara juu ya vichwa vya watu. Watu hao ni akina nani? Septemba 1916 Waingereza wakaishika Kilwa, wakaifanya kituo cha jeshi, na mwaka uliofuata yakawa mapigano ya Narung'ombe mwezi wa Julai na ya Mahiwa mwezi wa Oktoba. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilichotoka pwani kwenda huko kilibebwa na wapagazi, na waliokufa njiani kwa njaa, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika utumishi wa vita vile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Fikirini juu ya hilo, enyi watu wa Kilwa. Njia waliyofia ni hii tunayopita kwenda Liwale na Lindi.

Nimeshasikia majibu matatu kila ninapolizungumza jambo hili, nami nitayajibu.

La kwanza ni kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu, havituhusu. Ni kweli hatukuvianzisha, wala hatukuulizwa. Katika vita vya pili Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000, wengine kwa hiari, wengine kwa kushikwa. Lakini kumwandika mtu si kuisifu serikali iliyompeleka. Kijana aliyetoka bara ya Kilwa, akafundishwa mzinga, akapakiwa melini asijue aendako, ni wetu kabla hajawa wa mfalme yeyote. Tukimwacha eti kwa sababu alivaa magwanda ya mkoloni, tunakuwa tumemtoa kwa mkoloni mara ya pili, na safari hii kwa ridhaa yetu. Tena mji wetu unalijua jambo hili. Mwembe Kinyonga upo hapa Kivinje. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 ili watu wamwogope na kumsahau, na hakuna mtoto wa Kivinje asiyelisikia jina lake. Tumeweza kulilinda jina la aliyepigana na dola. Na aliyelazimishwa kuipigania dola naye ni mtoto wa mji.

La pili huletwa na watu wa dini, nami nalisikiliza kwa adabu: wafu wako kwa Mola wao, wanatakiwa dua, hawatakiwi minara. Mimi sikuomba mnara. Naomba daftari. Wanazuoni wetu wanafundisha kwamba Mwislamu aliyekufa kwa kughariki ana daraja ya shahidi, na kwamba asiyepatikana mwili huswaliwa swala ya ghaibu. Utamswalia nani ikiwa hujui kama alikuwamo? Mke wa aliyepotea baharini atashika eda kuanzia siku gani? Atakaa njia panda mpaka kadhi apate ushahidi, na ushahidi ulio bora ni jina lililoandikwa kabla ya safari. Mirathi haigawanywi kwa tetesi. Deni la marehemu halilipwi mpaka ithibitike kuwa ni marehemu. Mashehe wangu, orodha ya nahodha ni msaada kwa sheria mnayoisimamia, nanyi mna mimbari ya kuliamrisha hilo kila Ijumaa.

La tatu ni lile la kusema serikali itafanya. Sheria ipo, na TASAC, mamlaka ya serikali ya usafiri wa majini, ipo, na ni wajibu wao kukagua vyombo. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kila gati na kila mkoko kuanzia Somanga mpaka Rushungi, alfajiri wakati wa maji kujaa. Nahodha yupo kila siku.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuandika ni mambo ya kuja, ya ofisi na ya Wazungu. Huko ni kujidharau. Kilwa ni katika miji michache ya Afrika Mashariki ambayo historia yake iliandikwa na watu wake wenyewe, kwa herufi za Kiarabu, katika karne ya 16. Nakala yake Sayyid Barghash alimpa balozi John Kirk, nayo imehifadhiwa London. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji wa watu wa dini. Wafanyabiashara wa Kivinje walikuwa na daftari za pembe, sandarusi na mpira, na kwa masikitiko nalitaja hili, waliandika hata hesabu ya watumwa waliopita hapa. Mji ulioweza kuandika idadi ya watu waliouzwa unashindwaje kuandika majina ya watoto wake waliozama?

Basi twende kwenye kazi yenyewe.

Manahodha, nunueni daftari la shule, la mistari, lenye jalada gumu. Kabla ya kutweka tanga au kuwasha mashine, mtoto wa chombo aandike tarehe, jina la chombo, na jina la kila aliyepanda pamoja na la baba yake na kijiji anakotoka. Watoto wachanga waandikwe, kwa kuwa hao ndio wanaosahauliwa kwanza. Ukurasa ule uchanwe, aachiwe mtu wa kuaminika nchi kavu: ofisi ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, mwenye duka la mafuta, au imamu wa msikiti wa pwani. Chombo kikifika salama, apigiwe simu. Ndiyo tu. Mkiwa na haraka ya maji, kumbukeni kwamba watu 1,511 waliandikwa na safari haikukwama.

Walimu wa historia, wapeni wanafunzi wa sekondari kazi ya kwenda kwa wazee. Waulize nani katika ukoo alikwenda Keya, yaani jeshi la KAR, nani alikwenda Bama, nani alikuwa baharia wa meli au jahazi, nani hakurudi, na habari zilifikaje nyumbani. Waandike maneno ya mzee kama alivyoyasema, wasimsahihishe Kiswahili chake. Vita vya Hitla vimepita miaka zaidi ya 80. Waliokwenda wenyewe wamekwisha. Waliobaki ni watoto wao, nao sasa ndio wazee wa mji, wenye magoti mabovu na kumbukumbu nzuri. Jina la kikosi likipatikana, likaangaliwe katika orodha za ukumbusho wa Nairobi, ambazo zimo kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Majina yetu yameandikwa humo kwa tahajia ya makarani wa Kizungu, kwa hiyo mtafutaji awe na subira: Athumani anaweza kuwa Asmani, na jina la baba likawa limeachwa.

Wazee wa Kivinje nawaomba wasingoje kuulizwa. Mwenye cheti cha kuachishwa jeshi, nishani kwenye sanduku, barua ya kampuni ya meli, hata picha iliyoliwa na mchwa, asiifukie wala asimpe mtoto achezee. Aipeleke shule ipigwe picha, kisha airudishe kwake.

Na daftari la mji lenyewe liwe na sehemu mbili, waliofia baharini vitani na waliofia baharini kutafuta riziki, bila kutenganisha Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mgeni. Kama wapo Wahindi wa Kivinje waliopotea katika Tilawa, meli ya British India iliyopigwa topido na Wajapani Novemba 1942 ikitoka Bombay kuja pwani yetu, waandikwe. Mvuvi aliyechukuliwa na kusi na ngalawa yake mwaka jana naye aandikwe, jina la baba yake, na siku aliyoonekana mara ya mwisho. Nakala moja ikae msikitini, moja ofisi ya kata, moja shuleni, ili moto au mvua ikiipata moja, nyingine zibaki.